Macho Usingizini: Mafunzo Niliyopata Kando ya Meza ya Upasuaji

Katika upasuaji mwingi, anayetoa dawa ya usingizi hukaa kichwani kwa mgonjwa. Kwenye upasuaji wa macho kiti hicho huchukuliwa na daktari wa macho. Sisi husogezwa ubavuni, mirija ikapitishwa chini ya shuka la kijani, na uso wa mtoto tukauona kwa kuchungulia. Huko ubavuni ndiko nilikojifunzia haya ya makengeza. Mimi si daktari wa macho. Kazi yangu ni kumlaza mtoto, kumlinda akiwa amelala na kumwamsha. Lakini ukiwalaza watoto wa makengeza kwa miaka, kuna jambo litakukaa akilini: daktari anapotaka kujua macho yamekaaje pale mezani, nusu ya kipimo atakachopata ni ya jicho, na nusu nyingine ni ya dawa zangu.

1. Namba ya kuaminika hupatikana mtoto akiwa macho

Mtoto amepakatwa na mama yake, mbele yake kuna mdoli. Mtaalamu analifunika jicho moja, analifunua, analifunika la pili. Jicho lililopotoka, mwenzake akifunikwa, hujirudi ili limtazame mdoli, na mwendo huo wa kujirudi ndio unaopimwa. Huwekwa prizimu, kioo cha kupinda mwanga, mbele ya jicho, nguvu yake ikiongezwa hatua kwa hatua mpaka jicho lisicheze tena. Dayopta 1 ya prizimu ni nguvu ya kuusogeza mwanga sentimita 1 katika umbali wa mita 1, na nyuzi 1 ni sawa na dayopta kama 1.75. Anapimwa akitazama karibu, anapimwa akitazama mbali, akiwa na miwani na akiwa hana. Kabla ya yote hayo huwa ametiwa matone ya kupanua mboni na kupimwa kama anahitaji miwani, kwa sababu wapo watoto ambao macho yao hunyooka kwa miwani tu. Hao hawana haja ya kuonana nami.

Namba hiyo ndiyo inayoingia chumba cha upasuaji kwenye faili. Katika jedwali linalotokana na kazi ya daktari Mmarekani Marshall Parks, mtoto mwenye makengeza ya ndani, yaani jicho lililoelekea puani, ya dayopta 15 hurudishwa nyuma msuli wa ndani wa kila jicho kwa milimita 3. Mwenye dayopta 30 hurudishwa milimita 4.5, na mwenye 50 milimita 6. Tazama udogo wake: kutoka makengeza madogo hadi makubwa kuna tofauti ya milimita 3 tu. Na sindano inayoushona msuli huo hupita katika ukuta wa jicho ambao, nyuma tu ya mahali msuli uliposhikamana, una unene wa milimita 0.3 hivi. Ndiyo maana daktari hanivumilii mtoto akitikisika.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake aliwahi kuniuliza, “Mwanangu, sasa mtampima saa ngapi, akishalala?” Nikamjibu, “Bibi, alikwisha pimwa pale ulipokuwa umempakata.” Hakuonekana kuridhika. Kwake yeye, kipimo cha maana ni kile kinachofanywa na watu waliovaa barakoa.

2. Jicho la ndani hutoka lenyewe usingizi ukikolea

Hili huwashtua wanafunzi wote. Mtoto ameingia jicho la kushoto limejibanza kwenye pua. Usingizi umekolea, kope zinafunguliwa, na macho yote mawili yako katikati. Pengine yameelekea nje kidogo. “Dokta, mbona limenyooka? Sasa tunapasua nini?”

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na nimefika mahali nalipenda, maana aliyeuliza ameangalia kweli. Jibu limo katika mifupa. Mashimo ya macho kwenye fuvu hayakutazama mbele moja kwa moja. Kila moja limeelekea nje kwa nyuzi kama 23, na misuli inayolishika jicho imeanzia nyuma kabisa, kwenye ncha ya shimo hilo. Jicho likiachwa bila amri yoyote, hujilaza kufuata njia ya shimo lake: nje, na juu kidogo. Kinachotuzuia sisi sote tusitazame hivyo mchana kutwa ni ubongo, ambao haupumziki kutuma amri ya kuyakusanya macho mawili kwenye kitu kimoja. Dawa ya usingizi huikata amri hiyo. Hata mtu asiye na makengeza kabisa, akilazwa vizuri, macho yake huachana.

Kwa mtoto mwenye makengeza ya ndani, amri hiyo ya kukusanya ndiyo iliyozidi. Ikiondoka, jicho linatoka. Haina maana kwamba amepona, wala kwamba daktari wa kliniki alipima vibaya. Akiamka, amri inarudi na jicho linarudi puani. Mpasuaji atakayepunguza milimita zake kwa sababu ya alichokiona mezani atakuwa amemtibu mtoto aliyelala, na huyo si yule atakayekwenda shule Jumatatu.

Makengeza ya nje yana vurugu zaidi. Wengine jicho huzidi kutoka, wengine hurudi kuelekea katikati, na kwa mtoto mmoja mmoja huwezi kutabiri. Nimewasikia madaktari wawili ninaowaheshimu wakibishana kwa chai nzima juu ya jambo hili. Mmoja anasema haangalii kabisa mkao wa usingizini. Wa pili anasema yeye hatafuti ukubwa, anatafuta ulinganifu: kwa makengeza ya ndani, kama jicho la kulia limetoka na la kushoto limebaki ndani, basi msuli wa ndani wa kushoto umekaza wenyewe, na ndiko kisu kianzie. Mimi naegemea kwa huyu wa pili. Swali lake ni dogo, na usingizi una uwezo wa kulijibu.

3. Macho yanayotembea hayapimiki

Sisi wa usingizi tuna historia yetu na macho. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mmarekani Arthur Guedel alikuwa Ufaransa akiwafundisha watu wasio na uzoefu namna ya kuwalaza majeruhi kwa etha. Akawatengenezea chati ya dalili: pumzi inakwendaje, mboni ni kubwa kiasi gani, macho yanafanya nini. Baadaye aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1937. Katika ngazi ya kwanza ya usingizi wa upasuaji, macho hutembea polepole huku na huko. Usingizi ukiongezeka hutulia. Kwa hiyo mimi nilifundishwa kuyasoma macho ili niujue usingizi, na daktari wa makengeza anataka usingizi utulie ili ayasome macho.

Etha haipo tena mezani petu, na dawa za siku hizi, kama isoflureni, hazifuati chati ile hatua kwa hatua. Lakini ile tabia ya macho kutembea usingizi ukiwa mwepesi bado naiona kila wiki, pamoja na ile ya kupanda juu na kujificha chini ya kope. “Siioni konea, imekwenda juu,” atasema daktari, akimaanisha kioo cha mbele cha jicho. “Nipe dakika mbili, Dokta.” Dakika mbili hizo huwa ndefu sana kwa mtu aliyekwisha vaa glovu.

Nilichojifunza hapo ni cha kiutendaji. Kama daktari anataka kulinganisha mkao wa macho kabla ya kukata na baada ya kushona, lazima nimpe usingizi uleule mara zote mbili. Mwishoni mwa upasuaji kila mtoa usingizi ana tamaa ya kupunguza dawa mapema ili mtoto aamke haraka na orodha isonge. Ukifanya hivyo, macho yatasogea, na daktari atadhani ni uzi wake. Sasa namuuliza mwanzoni: “Utayatazama tena mwishoni?” Akisema ndiyo, sigusi kitu mpaka atazame.

4. Kila dawa ina mkono wake

Ketamini ni rafiki wa hospitali zetu. Inahifadhi pumzi, haiangushi presha, na umeme ukikatika haijali. Lakini huyaacha macho wazi yakichezacheza, na jicho linalochezacheza halina pa kuwekea rula. Kwa makengeza naiacha pembeni nikiwa na njia nyingine.

Suksamethoni ndiyo ya kuchunga zaidi. Ni dawa ya kulegeza misuli ili mrija wa kupumulia uingie kwa urahisi, na mwili mzima hulegea kweli, isipokuwa macho. Misuli ya macho ina nyuzi za aina ya peke yake, zinazopokea mishipa mingi ya fahamu kwenye uzi mmoja, nazo zikikutana na suksamethoni hukaza badala ya kulegea. Daktari akishika jicho kwa koleo wakati huo, atakuta msuli mgumu na kuamini kwamba makengeza yanatokana na ugumu huo. Inashauriwa kusubiri kama dakika 20 kabla ya kuuamini mkono. Nikilazimika kuitumia kwa sababu ya njia ya hewa, namtangazia kila mtu chumbani, na muuguzi anaandika saa ubaoni.

Dawa nyingine za kulegeza misuli, zile zisizokaza kwanza, hufanya kinyume: huondoa hata kale kamvuto kadogo kalikobaki. Hapo jicho linakaa pale ambapo nyama na mifupa vimelipeleka tu. Daktari anayetafuta msuli uliofupika hufurahi. Anayetaka kujua mtoto atatazamaje kesho hana cha kupata.

5. Milimita moja ni kubwa mno

Njia ya haraka ya kukadiria kengeza ni kumulika tochi na kutazama nukta ya mwanga imeangukia wapi juu ya mboni. Ni kazi ya Mjerumani Julius Hirschberg wa Berlin, karne ya 19. Kwa hesabu iliyozoeleka, nukta ikiwa imehama milimita 1 kutoka katikati, jicho limepotoka nyuzi 7, yaani dayopta kama 12. Vipimo vya picha vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba ni zaidi ya hapo, karibu dayopta 21 au 22.

Fanya hesabu mwenyewe. Nusu milimita ni dayopta 10. Na dayopta 10 ndio mpaka ambao watafiti wengi huutumia kusema upasuaji umefaulu au haukufaulu. Sasa mtoto amelala chali, kitanua kope kimevuta kope, taa ya chumba inamulika kutoka pembeni, daktari anatazama kutoka utosini, na jicho lenyewe halitazami taa wala kitu chochote. Nani atakuapia nusu milimita hapo?

6. Usingizi hupima kamba

Dereva wa mkokoteni akisinzia, unaweza kukagua hatamu za punda moja moja, ipi imekaza, ipi imelegea. Huwezi kujua angeelekea sokoni au mtoni. Ndivyo usingizi unavyomfaa daktari wa makengeza, na katika hilo hauna mpinzani.

Daktari hulishika jicho kwa koleo mbili ukingoni mwa konea, akaliviringisha kila upande. Jicho ambalo mtoto hakuweza kulipeleka nje akiwa macho lina sababu mbili kubwa. Huenda mshipa wa sita wa fahamu, unaouamuru msuli wa nje, umekufa ganzi. Hapo koleo likivuta, jicho linakwenda bila ubishi. Au kuna kitu kimelifunga: msuli wa ndani umegeuka kamba ngumu, au kuna kovu, hapo jicho linagoma mkononi. Kwa nje watoto hawa wawili wanafanana. Upasuaji wao haufanani hata kidogo, na mtoto aliye macho hatakuruhusu umshike jicho kwa koleo.

Kwa misuli miwili ya mshazari, ambayo imejificha na haifikiwi kirahisi, David Guyton wa Johns Hopkins alieleza mwaka 1981 namna ya kulisukuma jicho ndani ya shimo lake na kulizungusha ili ukazo wa misuli hiyo usikike mkononi. Nimeshuhudia daktari akifanya hivyo kabla ya kukata na akirudia baada ya kulegeza, uso wake ukibadilika kama wa fundi aliyepata kelele ya injini. Hakuna namba iliyoandikwa, na bado ni kipimo.

Funzo hilohilo linatumika kwa majeruhi wa bodaboda. Kijana amepigwa shavuni, jicho jekundu kidogo au halina wekundu wowote, lakini halipandi juu. Mfupa mwembamba wa sakafu ya shimo la jicho ukipasuka na kubana nyama, koleo litasema mara moja. Kwa watoto, kubanwa huko huja na kutapika na mapigo ya moyo kushuka, na wapo wanaolazwa wakidhaniwa wameumia ubongo.

7. Neno muhimu zaidi chumbani ni “Achia!”

Kuvuta msuli wa jicho hushusha mapigo ya moyo. Bernhard Aschner wa Vienna na Giuseppe Dagnini wa Italia walilieleza jambo hili kila mmoja kivyake mwaka 1908. Taarifa hupanda kwa mshipa wa tano wa fahamu na amri hushuka moyoni kwa mshipa wa kumi. Watoto ndio wanaopata zaidi. Nimeona monita ikishuka kutoka 120 hadi 50 daktari akiwa ameuinua msuli kwa ndoano tu.

Dawa ya kwanza haimo kwenye sindano: ni kuachia. Msuli ukiachwa, moyo hurudi ndani ya sekunde chache. Kisha naangalia kama usingizi ni mwepesi mno au kaboni dioksidi imepanda, maana vyote viwili huchochea. Atropini huwa nimekwisha ivuta kwenye bomba, mikrogramu 20 kwa kila kilo ya mtoto. Msuli ukivutwa tena na tena, moyo huzoea na hauanguki kama mara ya kwanza.

Kwa nini naliweka hili kwenye habari ya vipimo? Kwa sababu kile kipimo cha kuviringisha jicho kwa koleo ndicho mara nyingi kinachoamsha mkasa huu, kabla kisu hakijagusa kitu. Nataka kuambiwa. “Naanza kuvuta,” anasema daktari, nami macho yangu yanahamia kwenye monita. Daktari asiyesema hufundishwa na kengele ya monita.

8. Mtu mzima unaweza kumuuliza

Upasuaji wa kwanza wa makengeza uliofaulu na kuandikwa ulifanywa na Johann Friedrich Dieffenbach, Berlin, tarehe 26 Oktoba 1839, kwa mvulana wa miaka 7. Etha ilikuja hadharani Boston mwaka 1846. Kwa hiyo mvulana yule alikatwa msuli akiwa macho, akishikiliwa. Sitaki kukifikiria chumba kile, ila ukweli ni kwamba Dieffenbach aliliona jicho likisogea palepale, kitu ambacho sisi tumekipoteza kwa huruma yetu.

Kwa watu wazima kimerudi kwa njia ya kistaarabu. Tangu miaka ya 1970, hasa kwa kazi ya Arthur Jampolsky wa California, msuli huweza kufungwa kwa fundo la kutelezesha. Mgonjwa anaamka, anakaa, anatazama mbali, anapimwa kwa prizimu kama kliniki, na fundo linasogezwa kabla halijakazwa moja kwa moja. Hapo kazi yangu inabadilika. Natumia dawa zinazotoka mwilini haraka na naanza mapema kumzuia asitapike, kwa sababu upasuaji wa makengeza unajulikana sana kwa kutapisha, na mtu anayetapika hatazami herufi ukutani.

9. Dawa iandikwe kando ya kipimo

Nimesoma faili nyingi zilizoandikwa “macho usingizini: yamenyooka” na kuishia hapo. Maneno hayo hayamsaidii daktari atakayempasua mtoto huyo mara ya pili, na watoto wengi wa makengeza hurudi mara ya pili. Yamenyooka kwa dawa gani? Kwa kina gani? Alikuwa amepewa ya kulegeza misuli?

Sasa tunaandika pamoja, daktari na mimi, mstari mmoja: “Isoflureni, usingizi umetulia, hakuna dawa ya kulegeza misuli, dakika ya 10, kabla ya kukata: macho yote nje kidogo, la kulia sawa na la kushoto. Koleo: msuli wa ndani wa kushoto umekaza kiasi, wa kulia huru.” Baada ya kushona tunaongeza mstari wa pili wenye mpangilio uleule. Kipimo cha prizimu kinabaki ukurasa wa kliniki, na kitarudiwa hukohuko mtoto akiwa amepakatwa, kwanza siku chache baada ya upasuaji, kisha wiki kadhaa baadaye uvimbe ukiisha. Daktari mgeni akilifungua faili hilo mwaka ujao, atajua mstari upi ni wa msuli, upi ni wa isoflureni, na upi ni wa mtoto mwenyewe.